Kitanda cha Mama Doris

Bibi Aikande alipenyeza mkono kwenye tundu la grili mpaka bega likagota chuma, na bado vidole vyake havikulifikia blanketi.

"Lile la bluu, mwanangu. Lishushe kidogo nilishike."

Theodory alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, redio ikiongea peke yake pembeni. Hakuinuka. "Bei nimeshakutajia, bibi. Unanunua au unapapasa?"

"Sasa nitajuaje kama ni zito bila kulishika?"

"Ni zito. Mimi ndiye niliyelibeba kutoka kwenye gari."

Bibi kizee alivuta mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye khanga. Alikuwa ameshuka kutoka juu kwa miguu, baridi ya Julai ikimuuma magoti, na alikuwa na hela yake imefungwa kwenye pindo. Alitazama tena kule ndani. Aliona kaunta, aliona grili, na nyuma yake rafu zilizopanda hadi kwenye dari, zimejaa majora ya vitenge yaliyobanana kama kuni, mashuka ndani ya nailoni zenye vumbi, na masufuria yaliyofungwa kwa magazeti. Hakuna alichoweza kukichagua. Akaaga vizuri, kama mtu aliyelelewa, akavuka barabara kuelekea kwa Winfrida, ambaye duka lake lilikuwa dogo kuliko hili lakini mablanketi yake yalianikwa barazani na yeyote aliweza kuyashika.

Mektrida, mke wa Theodory, alikuwa anarudi kutoka kuchota maji. Alimkuta bibi katikati ya barabara, akamwamkia, na akayasikia yote. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kuweka ndoo chini kwa kishindo.

"Baba Doris, bibi wa watu ameshuka mlima mzima kuja kutununulia blanketi."

"Angetaka kununua angenunua."

"Amenunua. Hebu angalia."

Ng'ambo ya barabara, Winfrida alikuwa anamkunjia bibi Aikande blanketi, wote wawili wakicheka. Theodory alitazama, kisha akaongeza sauti ya redio.

Hivyo ndivyo duka la Theodory lilivyokuwa linakufa pale Sanya Juu. Halikuunguzwa na moto wala kufilisiwa na mtu. Lilikuwa linapoteza mteja mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliaga kwa heshima.

*

Fremu ya duka, yaani chumba chenyewe, haikuwa ya Theodory. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Primus, aliyestaafu kazi Arusha na kujenga nyumba ya ghorofa kwenye kihamba, lile shamba la migomba waliloachiwa na baba yao. Kwa kuwa ni ndugu, kodi ilikuwa ya kindugu, na mkataba ulikuwa wa mdomo.

Agosti Primus alifanya sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake. Watu walijaa chini ya turubai, supu ya mtori ikapita, pombe ya mbege ikapita, mbuzi wakachomwa. Theodory na mkewe waliketi meza ya nyuma karibu na jiko, na moshi ulipogeuka uliwafuata wao. Primus alisimama na kipaza sauti kuwashukuru wageni. Alishukuru padri, akashukuru wasimamizi, akashukuru mafundi wa vyombo vya muziki. Kisha macho yake yakaangukia meza ya nyuma.

"Na mdogo wangu Theodory yuko pale. Mnamjua, mwenye duka. Jamani, mmewahi kuingia duka lile?" Akangoja kidogo. "Hamjaingia, kwa sababu haliingiliki! Lile siyo duka, lile ni stoo ya mahindi iliyovaa grili."

Watu walicheka. Walicheka kwa nia njema, kama watu walioshiba wanavyocheka, lakini Theodory alibaki na kipande cha nyama mkononi asijue akile au akirudishe kwenye sahani.

Baadaye Primus alimvuta pembeni, kwenye migomba. Hapo hakutania.

"Mdogo wangu, kuna kijana anataka ile fremu. Anafungua ofisi ya kubashiri mechi, na kodi anayotoa ni ya kweli. Mimi sina mshahara tena. Kula Krismasi vizuri, kisha mwaka mpya unipe funguo."

"Kaka, mimi nikale wapi?"

"Wewe una kihamba chako kidogo pale chini. Lima."

"Nina vitambaa vimejaa duka zima."

"Ndilo nililosema," Primus alijibu. "Vimejaa."

Mektrida alikuwa ameyasikia maneno hayo akiwa upande wa pili wa migomba, ameshika sahani mbili za wali alizozileta kwa ajili yao. Aligeuka akazirudisha jikoni.

*

Wiki iliyofuata Mektrida alishuka Moshi kumtembelea binti yake, Doris, aliyekuwa anafundisha watoto wa chekechea na amepanga chumba mtaa wa Soweto. Hakumwambia lolote kuhusu fremu, na walipoingia mjini kununua kiberiti na sabuni, Doris akampeleka kwenye duka kubwa jipya lenye milango ya vioo.

Mlinzi alimzuia pale mlangoni. "Mama, hicho kiroba acha hapa."

"Kina ndizi za mwanangu."

"Kiache hapa." Kisha akatazama viatu vyake, vyenye udongo mwekundu wa kwao Siha, na wala hakuficha kwamba anavitazama. Walipoingia ndani, akawafuata. Wakisimama, anasimama.

"Kaka, una shida na sisi?" Doris aliuliza.

"Niko kazini, sista."

"Mwache," Mektrida alisema. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Lakini baada ya hatua chache alimsahau yule mlinzi kabisa, kwa kuwa mbele yake palikuwa na kitanda.

Kilikuwa kimetandikwa katikati ya duka, mahali pa wazi, kama chumbani kwa mtu. Shuka jeupe, foronya zenye maua, blanketi limekunjwa pembe moja kama vile mwenyewe ameamka sasa hivi. Mektrida aliweka kiganja juu yake. Alikuwa na mashuka kama yale kule Sanya Juu. Yale yale, kutoka kwa muuzaji yule yule wa Kariakoo. Yake yalikuwa kwenye nailoni, rafu ya juu, karibu na dari.

"Hapo hapakaliwi, mama," mlinzi alisema.

"Sijakaa. Nimeshika."

Wakati wa kutoka alisimama akageuka kulitazama duka lote. "Doris, mimi nilikuja kununua kiberiti. Mbona nimezunguka duka zima?"

"Ndiyo maana yake, mama! Kiberiti wamekiweka mwisho kabisa makusudi. Ukikifuata unapita kila kitu. Na pipi za watoto umeona zilipo? Chini, usawa wa macho yao. Hawa watu hawalali."

"Na vitu wameviacha wazi, hakuna grili."

"Grili ya nini? Ukimwekea mtu grili si unamwambia yeye ni mwizi?"

Mektrida alichukua kiroba chake mlangoni. Mlinzi alimwambia karibu tena. "Ahsante, baba," alisema, na akawa anamaanisha.

*

Theodory hakutaka hata kusikia.

"Grili niliiweka kwa jasho langu. Wezi wa hapa unawajua wewe?"

"Nawajua. Na wateja wa hapa nawajua pia. Wezi bado wapo, wateja ndio sijui wameenda wapi."

"Mama Doris, siku grili ikitoka, na mimi natoka."

"Na mwaka mpya je? Si unatoka vilevile?"

Siku mbili walizungumza kuhusu ng'ombe na majani ya ng'ombe tu.

Mwishoni mwa Oktoba Theodory alikwenda Rombo kumzika rafiki yake wa tangu shule, akakaa mpaka matanga yakaisha. Asubuhi ile ile aliyoondoka, Mektrida alimwita Kornel, fundi wa kuchomelea vyuma, aje na grenda yake.

Kornel aliizunguka ile grili akijikuna kidevu. "Mzee anajua?"

"Atajua akirudi."

"Mama, mimi sitaki kesi."

"Kesi ni yangu. Wewe kata."

Cheche ziliruka barabarani, na watu wa sokoni wakaja kutazama. Grili ilipolala chini, mwanga uliingia dukani mpaka kwenye ukuta wa nyuma, na Mektrida akaona utando wa buibui ambao hakujua ulikuwepo tangu lini. Alifagia, akaosha, akapaka chokaa. Alishusha majora yote, akayatenga kwa rangi kwenye rafu ndefu aliyoisogeza katikati ya duka, mekundu na mekundu, ya bluu na ya bluu. Lakini alipomaliza aliona bado pana kitu kinakosekana, na alikuwa anakijua.

Hakuwa na hela ya kununua kitanda. Alikuwa na kitanda kimoja tu, kile cha mninga alichofunga nacho ndoa, chenye nakshi kichwani. Aliita vijana wa mkokoteni wakakichukua nyumbani na godoro lake, wakakipitisha katikati ya soko mchana kweupe.

"Mama Doris, mnahama?" mtu aliuliza.

"Hatuhami."

"Mmeachana?"

"Hatujaachana. Sogea njia."

Alikiweka mbele kabisa, hatua chache kutoka mlangoni. Alikitandika shuka la maua, akaweka mito, akatandaza juu yake blanketi zito la bluu na kulikunja pembe moja. Kisha akakaa kwenye kigoda, akimngoja mumewe.

*

Theodory alishuka kutoka Rombo akiwa amechoka na ana vumbi la safari. Alisimama barabarani. Aliona mahali grili ilipokuwa. Kisha akakitambua kile kitanda.

"Hicho si kitanda changu?"

"Ni chetu."

"Kitanda cha ndoa yangu! Kila mpita njia anakiangalia!"

"Ndivyo nilivyotaka, wakiangalie."

"Na mimi leo nalala wapi?"

"Nimetandika godoro la zamani chini. Tutalala wote."

Alifungua mdomo ajibu, lakini watu walikuwa wanatazama, na Theodory hakuwa mtu wa kugombana hadharani. Alichukua kigoda, akakiweka barazani, akakaa akiligeuzia duka mgongo. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Kila aliyemwamkia alimwitikia, lakini ndani hakuingia.

Mtu mmoja alipiga picha. Jioni ile ile ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: kitanda kimetandikwa, na mbele yake Theodory ameketi kama mgonjwa anayengoja daktari. Chini yake binamu mmoja aliandika, "Theodory kahamia dukani?" Mwingine akauliza kama chumba kina choo. Primus alituma vikaragosi vya kucheka, safu nzima. Doris aliandika kutoka Soweto, "Huyo ni baba yangu mnayemcheka," lakini kicheko kilikuwa kimeshamfikia.

Hata hivyo watu walianza kusimama. Mwanzoni walisimama kwa ajili ya umbea. Mwanamke anasimama mlangoni acheke, anaona blanketi, anaingia aliguse. Akishaligusa anauliza bei. Wengine walinunua. Mektrida hakumwuliza mtu kama ananunua au anaangalia. Aliwaambia tu, "Pita, shika, jisikie nyumbani."

Kisha ikaja siku ya soko. Duka lilijaa, na lilipokuwa tupu tena, jora moja la kitenge cha kijani chenye ndege, zuri kuliko yote, halikuwepo.

Mektrida alitafuta kila mahali. Mumewe, aliyekuwa nje, hakuwa ameona chochote, na angeweza kumficha habari hiyo. Alitoka hadi barazani akasimama mbele yake.

"Tumeibiwa. Lile jora la ndege."

Theodory hakusema "nilikwambia." Uso wake ndio uliosema. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa Kornel, akamwambia alete grili aliyoondoka nayo na mashine airudishe ilipokuwa.

Aliporudi, Mektrida alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, ameinamisha kichwa juu ya mikono yake. Hakulia kwa sauti. Theodory alisimama mlangoni. Na kwa kuwa Kornel alikuwa hajafika na pale nje jua lilikuwa kali, aliingia ndani. Aliingia kwa mlango wa wateja. Miaka yote ya biashara alikuwa akiingia kwa nyuma na kukaa nyuma. Upande huu hakuwahi kuukanyaga kama mtu aliyekuja kununua.

Akatazama. Mbele yake kulikuwa na kaunta ile ndefu, imekata duka katikati kama ukuta wa zizi. Nyuma yake kulikuwa na kiti chake, na juu ya kiti kalenda ya mwaka juzi na boksi la sumu ya panya. Ndicho kitu ambacho bibi wa watu alikuwa anakiona baada ya kushuka mlima mzima: sumu ya panya, na yeye Theodory amenuna. Alisikia uso wake ukipata joto.

"Mama Doris," aliita. "Wakati jora linaibiwa ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Hapa hapa."

Alisogea hadi nyuma ya rafu ndefu ya katikati. "Unaniona?"

"Sikuoni."

"Na hapa?"

"Naona kofia tu."

Akachukua shuka, akalisukumia ndani ya koti lake, akatoka nyuma ya rafu akipiga mluzi kama mtu asiye na habari, tumbo limevimba, akapita mbele ya kaunta hadi mlangoni.

"Haya, nimeiba nini?"

Mektrida alimtazama mumewe, mzee wa parokia, kajaza shuka kifuani. Kicheko kilimtoka kabla hajafuta machozi. Theodory naye akaanza kucheka, akalitoa lile shuka likamnasa kwenye vifungo, wakacheka zaidi. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu Agosti.

"Kumbe siyo grili," Theodory alisema alipopata pumzi. "Ni hii rafu. Imekuziba macho. Na hii kaunta imekuweka mbali na mlango. Anayekaa hapa anaweza kuibiwa hata kiti. Tukikaa pale, pembeni ya mlango, kila anayeingia tunamwamkia na kila anayetoka tunamuaga. Mwizi hapendi kuamkiwa."

"Kaunta tunaipeleka wapi?"

"Tunaikata."

Kornel alifika na grili juu ya mkokoteni, jasho likimtiririka. "Mzee, nianzie upande gani?"

"Usiirudishe," Theodory alisema. "Zikate hizo nondo. Nitengenezee stendi fupi, zifike hapa kifuani, zisipite. Na mbili ndefu za kutundikia vitenge."

Kornel aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyie watu," alisema, "mngekubaliana kwanza, ndipo mkaniita."

*

Walifanya kazi Novemba yote. Theodory, aliyejifunza useremala kwa baba yake na kuuacha ujanani, alikata kaunta ile ndefu akapata meza mbili na benchi. Meza ndogo ya hesabu waliiweka kando ya mlango. Walibadilishana maneno makali kuhusu masufuria. Mektrida alitaka yawe mbele kwa kuwa yanang'aa, Theodory akasema chombo ni kitu cha lazima, mwenye kukitaka atakifuata hata nyuma, na akikifuata atapita kwenye vitenge. Mektrida alikumbuka kiberiti chake cha Moshi, akakubali. Taulo na soksi za watoto zilishuka chini. Kila asubuhi Mektrida alibadilisha matandiko ya kitanda, na wanawake wa sokoni wakaanza kupita kuona leo kimevaa nini.

Winfrida alivuka barabara akidai anatafuta chenji. Alizunguka, akashika, akatikisa kichwa. "Umeniweza, mwenzangu," alisema, na chenji hakuichukua.

Siku moja bibi Aikande alipita njia akaitwa. Ni Theodory aliyemwita, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo bibi. Ile siku nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimeshasahau."

"Hujasahau."

"Kweli sijasahau," bibi alisema. "Lakini nimesamehe."

Aliingia. Alivua kandambili zake mlangoni, kama mtu anayeingia sebuleni, ingawa walimkataza. Akashika hiki na kile kwa kituo, na mwisho akaketi kwenye kitanda, akabonyeza godoro, akajilaza. Alilala pale chali, mikono kifuani, akitazama dari, na wateja wengine wakasimama kumtazama.

"Mae!" alishangaa kwa Kichagga. "Baridi ya kwetu imepata mwenyewe."

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya umoja wa wanawake wa usharika wake wa Kilutheri na kuwaeleza. Wiki hiyo walishuka makundi kwa makundi, kila mmoja akitaka kulala kidogo.

*

Desemba Wachagga walirudi nyumbani. Magari ya Dar, ya Mwanza, ya Dodoma yalijaa barabara ya Sanya Juu, na waliokuwa ndani yake walikuwa wamesahau jinsi mlima unavyokuwa na baridi. Walimtaka mtu wa kuwauzia blanketi la bibi, kitenge cha shangazi, sufuria la mtori. Wakiangaza kutoka kwenye gari waliona mlango mpana, mwanga, rangi zilizopangwa kama bustani, na kitanda. Jamaa mmoja kutoka Dar alitaka chote kama kilivyo, na kitanda chenyewe.

"Matandiko yote chukua," Theodory alimwambia. "Kitanda ni cha mke wangu."

Siku mbili kabla ya Krismasi Primus alikuja. Alikuwa na yule kijana wa kubashiri, amevaa miwani ya jua, na mkononi ana futi ya kupimia. Walisimama barazani. Hawakuweza kuingia, kwa sababu mlangoni kulikuwa na watu wanaotoka.

"Karibu kaka, pita," Theodory alisema kutoka kwenye meza yake ya pembeni. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja na mwenzangu apime ukuta."

"Apime tu."

Kijana alijipenyeza. Kabla hajafika ukutani, mama mmoja mnene kutoka Mwanza aliiona ile futi. "Ee mwanangu, umenisaidia! Kitanda changu ni futi sita kwa sita. Hebu shika hapa." Akamtia ncha ya shuka mkononi. Kijana akashika. Wakalinyoosha, wakapima, na mama wa pili akasema na yeye apimiwe. Alipokuja kutoka, miwani ilikuwa kichwani, amebeba mfuko.

"Umepima?" Primus alimwuliza.

"Mzee, nimepima mashuka manne. Na nimemnunulia mama yangu blanketi." Alitazama nyuma. "Sikiliza, mimi hapa siwezi. Hawa watu wote nikiwafukuza, watanichukia mji mzima, na wateja wangu ndio hao hao. Nitatafuta kwingine." Akampa mkono, akaenda zake.

Primus alibaki amesimama peke yake. Alimwona shemeji yake akizunguka katikati ya watu, akimsaidia huyu, akicheka na yule. Alimwona mdogo wake, aliyemweka meza ya moshi, akiagwa kwa jina na watu wenye magari. Akaingia. Akapita kwenye vitenge, akapita kwenye mashuka, akafika hadi kwenye masufuria asijue amefuata nini. Aliporudi mbele, macho yake yalikuwa tofauti.

"Theodory, basi endelea. Kodi tutazungumza."

"Tutazungumza, kaka, na nitalipa kodi ya kweli," Theodory alisema. "Lakini mkataba uwe wa maandishi. Miaka mitano. Na uwe na jina la Mektrida pamoja na langu."

Primus aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Ni haki." Akamgeukia Mektrida, akashusha sauti. "Shemeji, yale niliyoyasema kwenye kipaimara, nisamehe."

Mektrida alikuwa anakunja kitenge. Hakuacha kukunja. "Uliyasema kwa kipaza sauti, shemeji."

Wateja wa nyumbani walioijua habari ile walijifanya wanatazama mashuka. Primus alisimama wima, kama alivyosimama siku ile chini ya turubai.

"Jamani!" alisema kwa sauti kubwa. "Mimi ni kaka yake Theodory. Mwezi wa nane nililisema vibaya duka hili mbele ya watu, nikalicheka. Leo nayafuta mbele ya watu. Hili ni duka, na shemeji yangu ni mfanyabiashara."

Mama wa Mwanza, asiyejua lolote, alipiga makofi, na wengine wakafuata. Mektrida aliweka kitenge mezani.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Karibu. Nikuonyeshe nini?"

*

Siku ya mwaka mpya walifunga duka, wakaenda misa ya asubuhi. Kanisa lilijaa mpaka nje. Doris alikuwa amekuja, akaketi upande wa kushoto wa mama yake, na baba upande wa kulia. Mektrida alikuwa amevaa gauni jipya, na kwa wiki nyingi hakuwa amepata usingizi wa kutosha. Padri alipofika katikati ya mahubiri, kichwa chake kiliinama taratibu, kikaangukia bega la mumewe.

Theodory alishtuka. Wazee wenzake walikuwa benchi la mbele, na mmoja aligeuka. Kwa kawaida angemgusa kwa kiwiko. Hakumgusa. Alikaa wima, hakusogeza hata mguu, bega likimfa ganzi, akimwacha alale. Doris alitoa simu yake kidogo, akamwona baba yake akimtikisia kichwa kwa ukali, akairudisha.

Wakati wa matoleo kwaya ilisimama ikaanza kuimba. Ngoma ziligonga, kayamba zikafuata, na watu wakaanza kutoka kwenye mabenchi. Mektrida alifumbua macho. Kilemba kilikuwa kimemwendea upande.

"Nimelala?" alinong'ona kwa hofu. "Watu wameniona?"

"Wote," Theodory alisema. "Inuka twende."

Akamshika mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kanisani tangu siku ya harusi, na wakapita katikati ya kanisa, mbele ya parokia nzima, wakienda kushukuru kwa mwendo wa ngoma.